Kumfundisha Abakasi Mtoto Mwenye Shida ya Umakini: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mzazi au mwalimu anayefikiria kumpa abakasi, yaani fremu ya shanga za kuhesabia, mtoto asiyetulia huwa na maswali yale yale: Je, itamponya? Aanze akiwa na umri gani? Akae nayo kwa dakika ngapi? Nifanye nini anapoigeuza kuwa gari la kuchezea kabla somo halijaanza? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku unapoiweka abakasi mezani hadi mtoto anapoweza kujumlisha orodha ya namba bila kusimamiwa kila mara.

Jibu la swali la kwanza litangulie, kwa kuwa ndilo linalowafanya watu wengi waweke matumaini yao mahali pasipofaa. Abakasi si tiba ya ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na kutotulia, wala ya shida nyingine yoyote ya umakini. Utafiti uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wanafunzi 204 wa shule ya msingi kwa miaka mitatu. Waliofundishwa kuhesabu kwa abakasi ya kichwani, yaani kwa kusogeza shanga akilini tu, walipata maendeleo makubwa zaidi katika hesabu kuliko wenzao waliopewa masomo ya ziada ya kawaida, lakini uwezo wao wa jumla wa akili, kama vile kumbukumbu ya muda mfupi, haukuonekana kubadilika kwa sababu ya mafunzo hayo. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba shanga zitampa mtoto ubongo mwingine anakuuzia kitu kisichokuwepo.

Faida iliyopo ni ndogo kuliko ahadi hizo, ila ni ya kweli. Mtoto mwenye shida ya umakini hupotea katikati ya hesabu kwa sababu analazimika kubeba kichwani jumla aliyoifikia huku akitafuta namba inayofuata, na kelele ndogo tu inatosha kuiangusha jumla hiyo. Abakasi inambebea. Akigeuka kuangalia dirishani kisha akarudi, jumla yake anaikuta pale pale kwenye shanga. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa ili kuilinda faida hiyo.

Kabla hujaanza

Ikiwa shida ya mtoto imedumu kwa miezi sita au zaidi, na inaonekana nyumbani na shuleni pia, mpeleke kwa daktari au mtaalamu wa makuzi ya watoto, na hakikisha macho, masikio na usingizi wake vimechunguzwa. Iwapo tayari ana tiba au dawa aliyoandikiwa, usiiache wala kuipunguza kwa sababu ameanza abakasi.

Umri si kigezo kizuri cha kuamua wakati wa kuanza. Angalia badala yake kama mtoto anazitambua tarakimu 0 hadi 9, na kama anaweza kukuhesabia vitu kumi bila kuruka. Wengi hufikia hapo kati ya miaka mitano na saba. Ambaye bado hajafika asiharakishwe.

Vifaa ni hivi:

Abakasi ya Kijapani, yaani soroban, ambayo kila kijiti chake kina ushanga mmoja juu ya upapi wa kati (ubao mwembamba unaoigawa fremu) na shanga nne chini yake. Ipo pia ya Kichina yenye shanga mbili juu na tano chini, na ipo fremu ya shule yenye shanga kumi katika kila mstari. Kwa mtoto huyu ninashauri ya Kijapani bila kusita, kwa sababu kila namba ina sura moja tu. Katika ile ya Kichina, tano inaweza kuonyeshwa kwa namna mbili, na katika fremu ya shule mtoto hulazimika kuhesabu ushanga mmoja mmoja, jambo ambalo ndilo linalomchosha tangu mwanzo. Vijiti 13 vinatosha kabisa.

Kitambaa kizito au kipande cha mpira cha kuweka chini ya fremu, ili isiteleze wala kupiga kelele kila inapoguswa.

Saa ya mchanga, au saa yoyote ambayo mtoto anaweza kuona kwa macho muda unavyopungua.

Kadi nene iliyokatwa dirisha dogo linaloonyesha mstari mmoja tu wa namba. Usiiache kadi hii. Umuhimu wake utauona katika hatua ya 8.

Kibandiko kidogo cha rangi, karatasi ya kufunikia vijiti visivyotumika, na daftari lako la kumbukumbu.

Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, abakasi isiachwe ovyo, kwa sababu ushanga uliochomoka unaweza kumkaba.

Hatua za kufuata

1. Panga kipindi kabla ya kupanga somo. Katika wiki ya kwanza, dakika tano kwa siku zinatosha. Baadaye unaweza kufikia kumi, na kwa watoto wengi kumi na tano ndiyo iwe mwisho. Ukitaka mazoezi zaidi, vipindi viwili vya dakika tano ni bora kuliko kimoja cha dakika kumi. Chagua saa ile ile kila siku, ikiwezekana baada ya mtoto kukimbia na kucheza, na si mara tu anaporudi kutoka shuleni akiwa amechoka. Ondoa kila kitu mezani isipokuwa vifaa vya somo, na simu yako nayo iwe chumba kingine. Keti ubavuni mwake. Ukikaa mbele yake, kila unachomwonyesha utakuwa unakiona kichwa chini, na mikono yenu itagongana. Akitaka kusimama, asimame. Akitikisa miguu, mwache. Kinachohitajika kwenye abakasi ni macho na mkono, na kumlazimisha atulie mwili mzima kutamaliza nguvu ambazo angezitumia kwenye shanga.

Kosa la kawaida hapa ni kurefusha kipindi kwa sababu mtoto anafanya vizuri. Saa inapokwisha, funga, hata kama alikuwa anaendelea kwa furaha. Mtoto aliyezoea kuona kwamba kufanya vizuri kunamletea kazi zaidi atajifunza upesi kuacha kufanya vizuri.

2. Mwache aichezee. Kipindi cha kwanza chote kiwe cha kugusa, kutikisa, kusukuma na kusikiliza sauti ya shanga. Usifundishe kitu. Kuanzia kipindi cha pili mpe dakika moja tu ya uhuru huo, kisha kufuta abakasi kuwe ndiyo ishara ya kwamba kazi imeanza.

3. Mfundishe kufuta. Inua upande wa juu wa fremu kuelekea kwake ili shanga zote zishuke, ilaze tena juu ya meza taratibu, kisha apitishe kidole cha shahada juu ya upapi kutoka kushoto kwenda kulia ili shanga za juu zipande na kuuacha upapi. Sasa hakuna ushanga unaougusa upapi, na abakasi inasoma sifuri. Tendo hili linahitaji mikono yote na macho, halina jibu la kukosea, na lina mwisho unaoonekana. Kwa mtoto anayepata shida kuanza kazi, ni mlango mzuri wa kuingilia, kwa hiyo lifanyeni kwa namna ile ile kila siku.

4. Mzoeze vidole viwili. Kidole gumba husukuma shanga za chini kuelekea juu. Kidole cha shahada huzishusha, na ndicho kinachoushusha na kuupandisha ushanga wa juu. Vidole vingine vikunjwe. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto aachwe autumie, mradi namba zisomwe kutoka kushoto kwenda kulia. Usisahihishe vidole na jibu kwa wakati mmoja: kama leo unaangalia vidole, jibu lililokosewa lipite bila kutajwa.

5. Kuweka namba na kuisoma. Chagua kijiti kimoja chenye nukta kwenye upapi, kibandike kibandiko chako, na umwambie kwamba hiki ni kijiti cha mamoja. Funika vijiti vingine kwa karatasi. Ushanga wa chini uliosukumwa hadi upapini ni moja. Ushanga wa juu ulioshushwa hadi upapini ni tano. Kwa hiyo tatu ni shanga tatu za chini, na nane ni ushanga wa juu pamoja na shanga tatu za chini, zikisukumwa kwa pamoja kana kwamba vidole vinafinya.

Fanya zoezi hili liwe mchezo wa zamu. Weka namba, asome. Kisha aweke yeye, usome wewe, na mara moja moja usome vibaya kwa makusudi. Mtoto ambaye akili yake ilikuwa imeshaondoka hurudi mbio anaposikia mkubwa amekosea. Mwishowe anapaswa kuitambua nane kwa kuitazama tu. Akianza kuhesabu tano, sita, saba, nane kwa kugusa shanga, rudi kwenye namba ndogo. Namba 0 hadi 9 zikishakuwa nyepesi, funua kijiti cha kushoto chake kwa ajili ya makumi, na baadaye cha mamia.

6. Kujumlisha na kutoa moja kwa moja. Anza na hesabu ambazo shanga zake zipo tayari: 2 + 1, 6 + 2, 3 + 5, 7 − 2, 9 − 6. Mtoto anaongeza kinachoongezwa na anaondoa kinachoondolewa, basi. Kwa namba za tarakimu mbili aanze na makumi, kisha mamoja, kama zinavyosomwa. Hatua hii ni rahisi na inavutia kuipita haraka, lakini mwache akae hapo hadi achoke kwa wepesi wake.

7. Jozi za tano na jozi za kumi. Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo unapaswa kutumia wiki nyingi kuliko mahali pengine.

Chukua 4 + 3. Shanga nne za chini zimeshatumika, na hakuna tatu za kuongeza. Mtoto ashushe ushanga wa juu, yaani aongeze tano, kisha aondoe mbili, kwa kuwa tatu na mbili ni jozi ya tano. Abakasi inasoma 7. Jozi za tano ni mbili tu: 1 na 4, 2 na 3. Fundisha moja kwa wiki nzima kabla ya kugusa nyingine, na uiandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi iliyo mbele yake. Lengo si kupima kama amekariri. Karatasi hiyo inafanya kazi ile ile ya abakasi, ya kumbebea asichohitaji kukibeba.

Jozi za kumi ni 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5. Chukua 8 + 7. Haiwezekani kuongeza saba kwenye kijiti cha mamoja, kwa hiyo mtoto aondoe tatu, ambayo ni jozi ya saba, kisha aongeze moja kwenye kijiti cha makumi: 15. Katika kujumlisha, mkono huanza kwenye kijiti chenyewe kisha ndipo uende kushoto. Katika kutoa ni kinyume: huchukua moja kushoto kwanza, kisha hurudisha jozi upande wa kulia. Mpangilio huu usibadilishwe hata siku moja, kwa sababu mkono uliozoea njia moja humfikisha mtoto hata akili yake ikiwa imetangatanga kidogo.

Zipo hesabu zinazohitaji jozi zote mbili kwa pamoja, kama 6 + 7. Ili kuondoa tatu kutoka kwenye sita, ni lazima aondoe tano na kurudisha mbili, ndipo aongeze kumi. Ziweke mwisho kabisa, na usizichanganye na nyingine kwenye ukurasa mmoja hadi azimudu peke yake. Watoto wengi ambao husemekana wameichoka abakasi, kwa kweli walirushiwa hesabu za aina hii mapema mno.

8. Orodha ya namba pamoja na kadi. Andika namba tatu kwa wima, kwa herufi kubwa, na nafasi ya kutosha kati yake. Abakasi inakumbuka jumla, lakini haikumbuki mtoto amefika mstari gani. Hilo ndilo tobo linalobaki, na kadi yenye dirisha ndiyo inayoliziba. Utaratibu uwe: soma namba iliyo dirishani, isogeze kwenye shanga, kisha shusha kadi. Kadi isishuke kabla shanga hazijasogea. Akigeuka kando na kurudi, dirisha litamwonyesha mahali, na shanga zitamwonyesha jumla.

Ongeza mstari mmoja tu kila anapofanikiwa kwa siku kadhaa mfululizo. Orodha nzuri ya kujipima ni 1 hadi 10, ambayo jumla yake ni 55. Mtoto huona mwenyewe kama amepata, bila kusubiri hukumu yako. Akiiweza, 1 hadi 20 ni 210, na 1 hadi 36 ni 666, jibu ambalo huwachekesha watoto kwa sura yake.

Anapokosea katikati, usimwambie afute yote aanze upya. Muulize kijiti kinasoma ngapi, rudini pamoja hadi namba ya mwisho iliyokuwa sahihi, na aendelee kutoka hapo. Kumfutisha kila anapokosea ni kumrudishia mzigo ule ule ambao abakasi ililetwa kuuondoa.

9. Kusomewa namba. Sasa karatasi iondolewe, nawe umsomee namba kwa sauti, moja baada ya nyingine, ukisubiri vidole vitulie kabla ya kusema inayofuata. Anza na namba mbili. Mtoto awe na haki ya kusema „rudia“, na aitumie apendavyo, kwa kuwa kuomba kurudiwa kunaonyesha kwamba ametambua mwenyewe kuwa umakini uliondoka, na hilo ni la kusifiwa waziwazi. Sifa ziwe hivyo daima: taja alichofanya, kwa mfano kwamba amerudi mwenyewe kwenye mstari, badala ya kumwambia tu kuwa ni hodari.

10. Kuipeleka kwenye kazi za shule. Akishazoea, mruhusu aitumie abakasi kwa sehemu ya hesabu alizopewa shuleni, baada ya kukubaliana na mwalimu wake. Kuhusu abakasi ya kichwani, ambapo mtoto husogeza shanga asizoziona, ushauri wangu ni kutoikimbilia. Inataka mtoto abebe picha nzima ya shanga akilini, yaani kazi ile ile inayomshinda. Akianza mwenyewe kusogeza vidole hewani, vema. Asipoanza, hajapungukiwa na kitu. Mashindano ya kasi nayo yasubiri, kwa sababu mtoto mwenye papara hahitaji sababu nyingine ya kuharakisha.

Mambo yanapokwama

Anachezea shanga badala ya kuhesabu. Angalia kwanza kama kazi ni ngumu mno, kisha kama ni rahisi mno. Mchezo huanza katika hali zote mbili. Kama kazi inamfaa, mpe dakika yake ya uhuru, kisha mwambie afute. Usimnyang'anye abakasi mkononi.

Anafanya haraka na majibu hayafanani. Mwambie ataje kwa sauti kila anachosogeza. Sauti hupunguza kasi ya mkono bila wewe kumwambia „polepole“ mara ishirini. Kagua pia kama shanga zinateleza zenyewe. Fremu iliyolegea hukosesha hata mtu makini.

Jana aliweza, leo hawezi. Kwa watoto hawa ni jambo la kawaida, na halimaanishi kwamba amesahau wala kwamba anafanya kusudi. Rudi hatua moja nyuma kwa siku hiyo tu, mmalizie kwa kitu anachokiweza, na uandike daftarini alivyolala na saa mliyoanza. Baada ya wiki chache daftari litakuonyesha saa ipi inamfaa zaidi.

Analia au anakasirika anapokosea. Funga kipindi kwa kufuta abakasi pamoja, bila maneno mengi. Kesho punguza namba kwenye orodha, na wewe ndiwe ukosee kwanza.

Anataka kutumia programu ya abakasi kwenye simu. Kwa kujikumbusha sura za namba si mbaya, lakini kioo hakina ushanga wa kushikika, na simu hiyo hiyo ina mambo mengine mengi ya kumvuta. Iwe nyongeza, kama ni lazima iwepo.

Anakataa kabisa. Iweke kabatini kwa wiki mbili bila kuitaja, kisha uitoe ukae nayo mwenyewe mezani, uhesabu jambo lako. Akija, mrudishe kwenye hatua ya 5 hata kama alishafika ya 8. Asipokuja, iache. Msaada kwa ajili ya umakini wake utaendelea kwa njia ulizokubaliana na daktari na mwalimu, na hesabu anaweza kujifunza kwa kifaa kingine.